Mzazi Hakuulizwa

Same Mjini,
17 Machi 2025

Loth mdogo wangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba mwajiri akiwa ndugu wa mfanyakazi, sheria ya kazi haiwahusu tena, na kila jambo lao litamalizwa sebuleni juu ya kikombe cha chai. Kosa hilo wamelifanya wazee wa ukoo wetu, na Sadock amelifanya. Wewe umelitumia, na hilo ni jambo jingine kabisa. Nitalieleza polepole, maana ndivyo nilivyo, nawe utasoma hadi mwisho kwa kuwa karatasi haina mahali pa kubonyeza ukanikatia kama unavyonikatia kwenye simu.

Kwanza salamu. Marahaba. Nimeitanguliza kwa sababu shikamoo yako sijaisikia tangu mwaka mpya, na sitaki ionekane kwamba dada yako hajui kuitikia. Mimi sijambo kiasi. Magoti yananiuma nikienda sokoni, na presha inashuka nikimeza dawa, inapanda nikiona lori lenye jina la kampuni yako. Vuli ilitupita, mahindi ya huku tambarare yamekauka yakiwa bado mafupi. Wewe nasikia umenenepa. Dereva wako mmoja aliyesimama hapa kwangu kunywa maji alinieleza, kwa furaha kubwa, kwamba siku hizi bosi akiingia kwenye gari tumbo ndilo linaloanza. Nilimshukuru Mungu. Mtu aliyeshiba ana nguvu ya kusoma barua ndefu.

Sasa nikukumbushe Devotha ni nani, maana naona umemsahau. Ni mke wa Sadock, na Sadock ni mtoto wa kaka yetu marehemu Tumainieli. Kwa miaka mitano binti huyo amekaa kwenye kibanda cha mizani pale Makanya, vumbi la jasi likimgeuza kama mtu aliyemwagiwa unga, akipima malori yako yakitoka machimboni. Wewe mwenyewe ulisema, ukiwa umekaa kwenye kochi langu, kwamba tangu Devotha akae mizani madereva wameacha kukuchezea, na kwamba angekuwa mwanamume ungempa umeneja. Nilikujibu kwamba sentensi yako ilikuwa nzuri mpaka katikati.

Alipopata mimba alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alikupa taarifa kwa maandishi miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Ulimpokea vizuri. Ukamletea Sabrina, binti wa Mzee Nassoro wa Hedaru, ukamwambia amfundishe kazi ili amshikilie kiti mpaka atakaporudi. Devotha alimfundisha kwa moyo mkunjufu. Alimwonyesha dereva anayeegesha gurudumu la nyuma nje ya bamba la mizani, na yule anayeleta utani mwingi ili karani asitazame namba. Siku ya mwisho alimwachia hata mto wake wa kukalia, maana kiti kile, mdogo wangu, ni cha ubao, na wewe hujawahi kukikalia.

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, mwenye sauti. Sadock, ambaye anaendesha kijiko chako machimboni, akaja kwako kuomba siku zake tatu. Wafanyakazi walikuwepo, na wamenisimulia wenyewe. Ulimuuliza kama amezaa yeye au mkewe. Ukauliza kama naye ananyonyesha, ukamwambia mhasibu amtafutie sidiria. Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Sadock naye alicheka, kwa sababu mzaha wa bosi huchekwa hata na anayechomwa nao. Siku hizo tatu, Loth, ni haki ya baba, zenye malipo, ndani ya wiki ya kwanza ya mtoto. Hazitolewi kwa huruma wala hazinyimwi kwa utani. Ulizinyima. Sadock akarudi kwenye kijiko, na mkewe akatolewa hospitali na mama mkwe wake, Justa, wakapanda mlima wakiwa wamebanana na magunia ya mtu.

Wiki ya pili nawe ukapanda Chome.

Unajua nyumba ya Justa inavyoshika desturi. Mzazi hukaa chumba cha ndani, akila kishumba, chakula chetu cha wazazi, na supu na uji. Wanawake ndio wanaoingia. Wanaume wa ukoo humsalimu wakiwa sebuleni, kwa kupitia pazia, na habari nzito haimfikii mpaka siku mama mkwe atakapomtoa nje na mtoto wake. Wewe umezaliwa ndani ya desturi hiyo na umeijua kuliko sheria yoyote ya nchi. Ndiyo maana ulichagua wiki ile.

Ulikuja na mbuzi nyuma ya gari, ukaweka mezani sukari na doti ya kanga. Wazee wawili wa ukoo walikuwepo, na Sadock. Mkala. Kisha ukaanza, kwa ile sauti yako laini unayoitumia kanisani siku ya mavuno, kueleza kwamba biashara ya jasi imekuwa mbaya, wanunuzi wamepungua, kampuni haina budi kupunguza watu, na kwamba wewe kama baba ungependa huyu mama apumzike alee mjukuu wa ukoo, vumbi la mizani awaachie wengine. Ukamgeukia Sadock ukamuuliza ana neno gani. Ulimuuliza mtu unayemlipa mshahara, mbele ya wazee, nyama yako ikiwa bado mdomoni mwake, kama ana neno. Akasema sawa, baba mdogo, wewe ndiye uliyebaki mahali pa baba. Mzee mmoja akakusifu kwamba matajiri wengine wangetuma barua tu, lakini wewe umekuja kwa miguu yako miwili na ya mbuzi minne. Mkacheka, mkaomba.

Katika sala hiyo mzee alimshukuru Mungu kwa ajili ya baba mdogo na kwa yote aliyoipangia nyumba hii. Nyuma ya pazia Devotha alikuwa amesikia sahani na vicheko tu. Alidhani mnamwombea mtoto. Akaitikia amina kwa sauti kubwa, mpaka mtoto akashtuka.

Amina hiyo umetembea nayo. Umeisimulia Makanya, umeisimulia kwenye arusi ya Lembeni, kwamba mfanyakazi mwenyewe alikubali na ulimsikia kwa masikio yako. Watu wamecheka. Mimi nilikuwa nimeketi meza ya tatu, na nilikuona ukimwigiza.

Barua ya kuachishwa ilikuja siku chache baadaye. Hukuipeleka kwake. Ulimpa Sadock machimboni ampelekee, kana kwamba ni kilo ya nyama. Ilisema kwamba ajira yake imesitishwa kutokana na kupunguzwa kwa wafanyakazi, kufuatia mashauriano yaliyofanyika nyumbani kwake. Devotha aliisoma akiwa amempakata mtoto. Akamuuliza mumewe, mashauriano gani. Sadock alijibu akiangalia dirisha, akasema ni siku ile ya mbuzi. Devotha akauliza, siku ile niliyosema amina? Justa ananiambia baada ya hapo hakuna aliyekula chakula cha usiku katika nyumba ile, na kwamba maziwa ya mzazi yalipungua kwa siku kadhaa, wakahangaika na uji wa ulezi na supu ya kwato mpaka yaliporudi.

Nilikupigia simu siku iliyofuata. Ulinipokea kwa kicheko. Ukasema Mwalimu Ernesta hajastaafu, amehamishia darasa kwenye maisha ya watu. Nikakueleza kwa utaratibu ulipokosea. Ndipo ukatamka lile neno. Ulisema mimi sijazaa, kwa hiyo likizo ya uzazi nitaielewaje. Ukakata.

Ni kweli, sikuzaa. Lakini ulipozaliwa wewe, mama alirudi shambani mapema mno, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia apumzike wala chakula cha kumpumzisha nacho, na maziwa yake yakakatika. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nilikulisha kwa kijiko, asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi, na ulikuwa mtoto wa kutema. Kwa hiyo jambo la mzazi kurudishwa kazini au kufukuzwa kazini kabla ya wakati nalielewa kidogo. Nililibeba mgongoni, likawa wewe.

Nikaendelea kungoja, nikidhani utatulia. Badala yake ukanitumia wazee. Alhamisi iliyopita walikuja hapa wale wawili waliokula nawe, wamevaa makoti mchana wa jua la Same, wakaniomba jambo hili tulimalize nyumbani. Walisema umeahidi mbuzi wa pili. Niliwakaribisha kwa heshima zote, nikawapa soda, kisha nikawauliza yule mbuzi wa kwanza walimla kama mbuzi wa kumpongeza mzazi au kama mbuzi wa kumwachisha kazi. Mmoja alisema upesi kwamba ni wa pongezi, hata moyoni mwake hamkuwa na lingine. Wa pili alizungusha chupa ya soda, halafu akasema nyama ile sasa inamrudi kooni. Hao ndio mashahidi wako, Loth. Waandae vizuri.

Nieleze sasa sheria yenyewe, kwa maneno mepesi, ili siku ya kuulizwa usiseme hukuambiwa. Sheria haisemi kwamba mzazi hawezi kupunguzwa kazini kamwe. Kampuni ikiyumba kwelikweli, yeye naye anaweza kuguswa kama wengine. Inachokataza ni kumwachisha mtu kwa sababu ya mimba yake au kwa sababu amezaa. Likizo yake ni siku themanini na nne, yenye malipo, na ikiisha anarudi kwenye kazi yake kwa masharti yale yale. Na mwajiri anayetaka kupunguza watu, anapoanza tu kulifikiria jambo hilo, anatakiwa kuwapa taarifa na kuwaeleza sababu. Kisha anakaa nao washauriane: kama kuna njia ya kuliepuka, nani atapunguzwa na kwa kigezo gani, lini, na atapewa nini. Anakaa na wafanyakazi wenyewe, au na chama chao. Mume wa mfanyakazi hayumo katika maneno hayo. Wazee wa ukoo hawamo, na pazia halimo. Ungeweza kungoja mzazi atoke ndani, ukae naye kwenye kiti mbele ya macho yake. Hukungoja, kwa sababu ulijua Devotha angekuuliza swali moja tu, nalo ni nani anayekaa mizani sasa.

Nami nimekuja kwenye swali hilo. Nimelishika mpaka hapa kwa makusudi, ili ulisome ukiwa umeshajitetea vya kutosha kichwani mwako.

Jumamosi Sabrina alikuja kwangu. Alibisha hodi akiwa amejifunga kitenge kipana, akaniamkia, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kukimbia. Nilimpa chai, hakuinywa. Kisha akasema yote kwa mkupuo. Alisema siku uliyomwajiri, Devotha akiwa bado yuko kazini na tumbo lake, ulimwambia kiti ni chake moja kwa moja, asimwambie anayemfundisha. Ulimuuliza kama ana mpango wa kuzaa karibuni, kwa sababu, na haya ni maneno yako aliyoyarudia mara mbili, umechoka na matumbo kwenye mizani. Alihitaji kazi, akasema hana mpango. Akafundishwa kila siku na mwanamke aliyempa mto wake wa kukalia, naye akanyamaza. Hakukuwa na biashara mbaya, hakukuwa na kupunguza. Malori ni yale yale. Alisema wiki nyingine yanazidi ya mwaka jana, na yeye ndiye anayeyapima.

Kisha akafungua kitenge kidogo, nikaona. Sabrina ni mjamzito, Loth. Ameolewa, mumewe ana duka la vipuri Hedaru, na mtoto wao anatarajiwa kuzaliwa Agosti. Ukipita kibandani anainama nyuma ya meza kama mtu anayeokota kalamu. Aliniambia ameokota kalamu mwezi mzima.

Aliniuliza kama Devotha anaweza kumsamehe. Nikamwambia hilo si la kuniuliza mimi. Jumapili baada ya ibada tukapanda pamoja mpaka Chome. Aliingia chumba cha ndani peke yake, mimi nikabaki jikoni na Justa. Halafu tukasikia Devotha akisema kwa ukali, tena na tena: mto wangu, hata mto wangu. Kisha kilio cha watu wawili, na mtoto akawafuata. Nilitaka kuingia, Justa akanishika mkono akaniambia niwaache. Walipotoka, Sabrina ndiye aliyekuwa amembeba mtoto. Sitasema wamepatana. Devotha hakumsindikiza hata mlangoni. Lakini alisema maneno haya mbele yetu sote, kwamba hataki huyu naye akae nyuma ya pazia akiitikia asichokijua.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii, pamoja na barua yangu, utakuta mambo matatu. La kwanza ni nakala ya malalamiko ya Devotha dhidi ya kampuni yako. La pili ni maelezo ya Sabrina, aliyoyaandika kwa mkono wake, kwa hiari yake, juu ya siku ile uliyomwajiri. La tatu ni taarifa yake ya ujauzito pamoja na cheti cha daktari, na ni yeye aliyetaka uipate leo, ili kuanzia saa hii usiweze kusema hukujua. Mkaripie ukitaka. Mfukuze ukitaka. Utakuwa umenipunguzia kazi ya kukueleza wewe ni mwajiri wa namna gani.

Muda wa kufungua shauri ni siku thelathini tangu mtu aachishwe, na zetu zinaisha wiki hii. Kesho asubuhi mimi na Devotha tutapanda basi kwenda Moshi, kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Justa, aliyekubali kumtoa mzazi ndani mapema, akiwa amembeba mtoto. Nitasimama huko nieleze habari ya arusi ya Lembeni na amina uliyoiigiza. Najua nitakavyoitwa. Nitaitwa mwanamke mzee aliyempeleka mdogo wake mbele ya watu wasio wa ukoo. Nimeshalizoea jina hilo tangu jana, nililitamka kwa sauti nikiwa peke yangu, halikuniua.

Ila wewe bado ni mtoto niliyemlisha, na kwa ajili hiyo nakuachia mlango hadi leo jioni, mmoja tu. Devotha akiniambia kabla ya giza kwamba umemrudishia kazi yake, na karatasi inayosema hivyo ikiwa imetiwa saini yako, kesho sitapanda basi. Asiponiambia, usinipigie. Sitapokea, na mara hii mimi ndiye nitakayekata.

Nisalimie mkeo Esta, ambaye hana kosa lolote katika haya, na umwambie mbegu za maharage nimemwekea. Wasalimie wanao wakipiga simu kutoka Dodoma. Wafanyakazi wako wasalimie pia, hasa wale waliocheka habari ya sidiria, maana wengi wao wana wake.

Aliyekukabidhi bahasha hii ni Sadock. Nilitaka kumtuma dereva wa basi, Sadock akakataa, akasema safari hii ataipeleka mwenyewe kwa baba mdogo wake. Yuko hapo mbele yako. Usimwambie akae, amesema atasimama. Anajua kwamba anaweza kutoka ofisini kwako akiwa hana kazi, na mkewe anajua. Atakuomba usaini kuwa umepokea nakala ya malalamiko. Mtazame vizuri, kwa sababu anafanana na Tumainieli akiwa amekasirika, na wewe Tumainieli hukuwahi kumjibu vibaya.

Usimuulize kama ana neno. Chukua simu sasa hivi, mpigie Devotha, yeye mwenyewe, umwambie likizo yake ikiisha arudi mizani.

Dada yako,
Ernesta